Kicheko Kisicho na Picha

Kikao kilifunguliwa baada ya chai ya jioni. Mzee Yusto alikuwa mwenyekiti, mlalamikaji na hakimu, kwa kuwa katika nyumba yake hapakuwa na mtu mwingine aliyemwamini kwa nafasi yoyote kati ya hizo. Mkewe Rozina, mama yake Bibi Kristiana na binti yake Jovina walikaa kwenye makochi kama wasikilizaji. Mbele yao, juu ya kitambaa cha kufuma, ilikaa kompyuta ya mezani ya Jovina, na spika mbili zilisimama pembeni yake kama mashahidi wanaosubiri kuapishwa.

Mzee Yusto alitoa leso mfukoni, akafungua fundo kwa meno, akatoa flash.

"Hii imetoka kwa Kelvin mpiga video ikaingia mfukoni mwangu," alisema. "Haijapita mkono mwingine. Mnakubali?"

"Tunakubali, Baba Jovina," alisema Rozina. "Weka tuone."

"Usiniharakishe. Kwa nini unaniharakisha?"

Ndani ya flash ile kulikuwa na siku ya utambulisho, Jumapili ambayo Mzee Lutengano, baba mkubwa wa Ipyana, alikuja na ndugu zake kutoka Mbeya kumwomba Jovina rasmi kwa ajili ya kijana wao huyo, bwana kilimo wa kule Namanyere. Walileta vitenge, blanketi la bibi na magunia mawili ya mchele wa Kyela. Walikula, walikunywa, waliimba, wakaondoka na ahadi kwamba jibu lingetolewa. Jibu halikutolewa. Lilikuwa limekwama kwenye kicheko.

Katikati ya shughuli ile Mzee Yusto alitoka nje kidogo. Alisema anakwenda kumtazama mbwa, ingawa mbwa mwenyewe ni wa jirani. Akiwa huko nje alisikia wageni wakiangua kicheko sebuleni, kicheko cha watu wengi, cha kushika mbavu. Aliporudi ndani mbio aliwakuta wote wametulia, wanatazama dari kama watu waliokuja kununua nyumba.

"Nani kacheka?" aliuliza usiku ule ule, wageni walipoondoka.

"Hakuna aliyecheka," Rozina alisema. "Walikohoa."

"Wote kwa pamoja?"

"Vumbi, Baba Jovina. Si unajua upepo wa huku."

"Na vumbi likachagua vifua vya watu wa Mbeya tu?"

Jambo lililomchoma ni hili: aliyekuwa katikati ya sebule wakati huo ni mama yake. Bibi Kristiana alikuwa ameinama kwenye kigoda akiwasalimu wageni kwa makofi, kama Wafipa wanavyosalimiana, viganja vikipigana taratibu, salamu moja ikijibiwa na nyingine. Kwa hiyo walimcheka bibi. Walimwona mshamba wa mlimani anayepiga makofi kama yuko kwaya. Hukumu hiyo Mzee Yusto aliifikia kabla ya vyombo kuoshwa, na tangu siku hiyo alikuwa akitafuta ushahidi wa kuiunga mkono.

"Mimi nimekwambia hawakunicheka," alisema Bibi Kristiana kutoka kwenye kochi lake.

"Mama, wewe ulikuwa umeinamisha kichwa. Ungeonaje?"

Kazi ya Mzee Yusto ilikuwa karani wa mapokezi kwenye ghala la nafaka. Katika mfuko mmoja wa koti ilikaa leso, na katika mwingine lilikaa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochomwa kwenye gunia kutoa punje za katikati. Wakulima walishamletea magunia yenye mahindi safi juu na mchanga chini, kwa tabasamu na salamu nzuri, hata akazoea kutomwamini mtu mpaka amfikie katikati. Mkaa wa nyumbani aliuchoma bambo. Magodoro ya dukani aliyachoma bambo, na duka lile hajaruhusiwa kurudi.

Jovina alichomeka flash, akabofya. Kioo kikawa cheusi. Wakasubiri. Kikaendelea kuwa cheusi, kisha kwenye giza lile ikatokea sauti ya kiti kikivutwa, mtu akipenga kamasi, na Mzee Lutengano akisema, "Tunashukuru sana kwa mapokezi."

"Picha iko wapi?" aliuliza Mzee Yusto.

"Subiri, baba."

Sauti iliendelea bila uso. Wakasikia wimbo. Wakasikia sala. Wakasikia makofi ya Bibi Kristiana, taratibu, mawili mawili, na sauti yake ndogo ya Kifipa ikiuliza wageni walivyoamka. Kisha sauti ya Mzee Lutengano, ya chini, ya mtu anayewaonyesha wenzake kitu: "Jamani, tazameni!"

Na kicheko. Kililipuka kutoka kwenye spika zote mbili, kikaijaza sebule, kikapanda hadi kwenye picha ya Moyo Mtakatifu ukutani. Kilikuwa kicheko kirefu na hakikuwa na vumbi hata chembe.

Mzee Yusto alimgeukia mkewe polepole. "Kikohozi hicho, Mama Jovina."

Rozina alikuwa akikunja pindo la kitenge chake, analikunjua, analikunja tena. Jovina hakuwatazama. Katikati ya kicheko kile, kwa kuwa kila mtu hucheka kwa namna yake, alikuwa amekitambua kicheko cha Ipyana. Huanza kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kupiga mbizi. Kwa kawaida alikipenda.

Chini ya kioo ile kompyuta ilikuwa imeandika sentensi fupi, kwa adabu: kodeki ya kuchezea video hii haipo.

"Wamesema nini?" aliuliza Mzee Yusto.

"Ni mashine, baba. Inasema haina kodeki. Ni programu ndogo inayojua kuifungua picha iliyobanwa. Sauti imeweza, picha imeshindwa."

"Sauti imeweza, picha imeshindwa." Mzee Yusto alirudia neno kwa neno, kama anayeandikisha maelezo polisi. "Na ikashindwa palepale ninapopahitaji."

Haki itendeke: kompyuta ile haikuwa na kosa. Ilipoletwa haikuwa na programu ya kuendeshea, na fundi wa mjini akashauri iwekewe Linux. "Ni bure, mzee," alisema. Mzee Yusto aliuliza kama ni bure, nani amelipia. Fundi alipofika mahali mashine inapouliza kama iongezewe programu za watu wengine za kuchezea muziki na video, mzee alimshika mkono.

"Watu gani hao?"

"Sijui, mzee. Wapo tu huko nje, wanajitolea."

"Basi wabaki hukohuko."

Fundi akaacha kisanduku bila alama. Ilipofika zamu ya neno la siri aliambiwa ageukie ukuta, na mzee akaliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Jumapili baada ya Misa Lutengano anakuja kuchukua jibu," Mzee Yusto alisema, akichomoa flash. "Nitamwonyesha hiyo picha mbele ya ndugu zake. Kama alimcheka mama yangu, anaondoka na mchele wake na vitenge vyake, na huyo kijana asiukanyage tena mtaa huu wa Kizwite. Nimemaliza. Kikao kimefungwa."

"Na kama hakumcheka?" aliuliza Jovina.

"Umekisikia kicheko mwenyewe," alisema baba yake, akifunga fundo la leso.

*

Kelvin mpiga video alikuwa na chumba kimoja karibu na stendi, kimepambwa picha za maharusi ambao baadhi yao walishaachana. Mzee Yusto alimfikia kesho yake asubuhi, Jovina nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umelipwa na nani?"

"Kuhusu nini, mzee?"

"Kuhusu kuficha picha."

Kelvin alimtazama Jovina. Jovina alitazama kalenda.

"Dada, mnachezea kwenye nini?"

"Linux."

"Aa! Basi hapo hapo." Kelvin alicheka, akaona uso wa mzee, akaacha. "Mzee, video nimeibana kwa H.265 ili ipungue ukubwa. Kodeki hiyo kwenu haipo. Mwambie dada ashushe, dakika tu inacheza. Au leta flash hapa, kwangu inacheza freshi kabisa."

"Kwako inacheza."

"Ndiyo."

"Kwangu haichezi."

"Ndiyo, mzee."

"Umesikia, Jovina? Nikiingia kwako, kijana, utanionyesha unachotaka nikione. Ile ya kwanza iko wapi, ya kwenye kamera?"

Kelvin alijikuna shingo. Kadi ya kamera alishaifuta. Juzi alikuwa amerekodia Komunio ya Kwanza. Nakala pekee iliyobaki duniani ilikuwa ile iliyofungwa kwenye leso.

"Amefuta," Mzee Yusto alimwambia binti yake njiani. "Mtu asiye na la kuficha hafuti."

"Baba, tungeinakili kwenye simu yangu. Simu nyingi zinacheza video hizo."

"Nakala ya nini? Zikiwa mbili, nitajuaje ipi ya kweli?"

Mchana Jovina alimpigia Ipyana akiwa nyuma ya jiko, karibu na magunia ya mchele. Gunia moja lilikuwa na tundu lililozibwa kwa kiraka. Panya, alisema baba yake siku tundu lilipoonekana, na alitega mtego kwa bidii ambayo Rozina aliitazama bila kusema neno.

"Mambo, mama mwenye nyumba," alisema Ipyana.

"Ipyana, siku ile mlicheka nini?"

Upande wa pili pikipiki ilipita.

"Siku ipi?"

"Usinifanye mtoto. Bibi alikuwa anawasalimu. Baba mkubwa wako akasema tazameni. Mkacheka. Na wewe ulicheka, nimekusikia."

"Jovina, ni mambo ya wazee yale. Baba mkubwa alituambia tusiyaseme."

"Kwa hiyo kuna la kusema."

"Sijasema hivyo."

"Mlimcheka bibi yangu?"

"Hapana! Haki ya Mungu, hapana."

"Basi mlicheka nini?"

"Niamini tu, mpenzi."

Jovina alikata simu. Alimkumbuka bibi yake akimfundisha kupiga makofi yale alipokuwa mdogo, wapi pa kuinama, wapi pa kusubiri ujibiwe. Kama Ipyana aliucheka mkono ule, hata baba akisema ndiyo, yeye mwenyewe angesema hapana. Alitaka picha kuliko mtu yeyote katika nyumba ile.

*

Jumamosi aliwasha mtandao kwenye simu, akaiunganisha na kompyuta, akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Hapo ndipo vikwazo vilipoanza kutokea, kimoja baada ya kingine, vyote vikiwa na sura ya upole.

Kwanza Bibi Kristiana aliomba simu.

"Nataka kumsikia Zita wa Kabwe. Nimemwota vibaya."

"Bibi, naitumia kidogo."

"Ndoto haisubiri, mama."

Zita wa Kabwe, mdogo wake Bibi, hakuwa na tatizo lolote. Walizungumza kuhusu bei ya samaki wa migebuka, magoti, padri mpya, kuku aliyeibwa mwaka juzi, na tena magoti, mpaka chaji ikakata. Jovina aliichomeka simu kwenye umeme, akasubiri. Akaanza upya. Programu ilikuwa imeanza kushuka, mstari wake mdogo umefika katikati, kompyuta ilipozimika ghafla.

Rozina alikuwa amesimama kwenye soketi, plagi ya kompyuta mkononi.

"Nilitaka kupiga pasi," alisema.

"Unapiga pasi nini, mama?"

Rozina alitazama huku na huku. "Taulo," alisema.

Jovina aliketi akamtazama mama yake vizuri. Hakuna mtu Kizwite nzima anayepiga pasi taulo. Na bibi yake, ambaye husema simu zinakula masikio, alikuwa ameongea mpaka chaji ikaisha. Wanawake hawa wawili hawakutaka picha ionekane. Kama hawakutaka, basi ilikuwa na kitu. Na kama ilikuwa na kitu, basi baba yake, kwa mara ya kwanza katika maisha ya tuhuma zake, alikuwa sahihi.

"Mama, walimcheka bibi, siyo? Mnaficha ili niolewe."

"Nani kasema?"

"Basi niambie."

"Jovina mwanangu, achana na hiyo video. Jumapili tutaongea na baba yako, atalainika."

"Baba? Atalainika?"

Rozina mwenyewe aliona ugumu wa sentensi ile. Akaiacha plagi, akaenda jikoni.

Jovina aliwasha tena, na safari hii programu ikashuka yote. Mashine ilipofika mahali pa kudai neno la siri la mwenye mamlaka, alimwita baba yake. Mzee Yusto alikuja na miwani, akaamuru kila mtu ageukie ukuta. Rozina aligeuka. Jovina aligeuka. Bibi Kristiana alisema shingo yake haigeuki na yeye hajui kusoma, akabaki alivyo.

Mzee aliandika herufi ya kwanza. Hakikutokea kitu. Ya pili. Hakikutokea kitu.

"Jovina, inameza."

"Endelea tu, baba. Haionyeshi."

"Naandika, haiandiki. Inapeleka wapi?"

"Haipeleki popote. Inasikia."

"Mbona zile nyingine zinaweka nyota?"

"Hii haiweki hata nyota. Ikiweka, mtu anaweza kuzihesabu akajua neno lako lina herufi ngapi."

Mzee Yusto aliinua kidole kwenye kibodi. Akaitazama mashine kwa muda. Kitu kama upole kilipita usoni mwake.

"Kumbe haimwamini mtu," alisema.

"Hata kidogo, baba."

"Hii imelelewa."

Akaandika neno lote. Ikamkatalia. Akaandika tena, akakataliwa tena, akaheshimu kukataliwa kule. Mara ya tatu ikakubali, na mistari mingi ikaanza kupanda kwenye kioo kama siafu. Mzee aliisoma yote, midomo ikicheza, asielewe hata mmoja. Kisha alichomeka flash mwenyewe, akamwonya Jovina asiguse mpaka kesho, akaondoka kwenda mkutano wa jumuiya.

Jovina alisikiliza hatua zake zikipotea kwenye kokoto. Akabofya.

Sebule yao ilitokea kwenye kioo, angavu, hata nyuzi za kitambaa zikaonekana. Alimwona Mzee Lutengano na tai yake. Alimwona Ipyana amebana magoti kama mtahiniwa. Alimwona bibi yake kwenye kigoda, viganja vikikutana taratibu, na nyuma ya bega la bibi, dirisha, pazia limefunguliwa ili mwanga uingie kwa ajili ya kamera ya Kelvin.

Ndani ya dirisha lile alikuwepo baba yake.

Alikuwa amechuchumaa kwenye magunia ya mchele, suti yake ya harusi mgongoni, bambo mkononi. Alitazama kushoto. Alitazama kulia. Alilichoma gunia kwa nguvu zote, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, akalizungusha, akalichomoa, akazimwaga punje kiganjani. Akazinusa. Akaweka moja mdomoni, akatafuna na kufumba macho, kama askofu anayeonja divai. Kuku watatu walikuwa wamejipanga mbele yake wakimsikiliza.

"Jamani, tazameni!" alisema Mzee Lutengano. Bibi Kristiana aligeuka, akaona, na wa kwanza kucheka alikuwa yeye.

Jovina aliziba mdomo kwa mikono miwili. Alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama mlangoni, na hakuwa anacheka.

"Umeona," alisema Rozina.

"Mama, kwa nini hamkusema?"

"Tuseme nini? Kwamba ukweni wamemwona akipekua zawadi? Mzee Lutengano mwenyewe ndiye alisema, jamani, hili tulimeze, tusimwaibishe mwenzetu nyumbani kwake. Tukameza. Futa."

"Nikifuta atasema tumeficha kumtukana bibi. Atawafukuza."

"Basi ivuruge. Irudishie giza lake."

"Mama, atasikia kicheko. Kicheko hakifutiki kichwani mwake."

Rozina alikaa kwenye kochi, mikono imelala mapajani. Kwa mara ya kwanza alionekana amechoka na kazi ya kumtunzia mtu heshima ambayo mwenyewe aliitembeza nje usiku na mchana ikipigwa na mvua.

"Mwonyeshe yeye peke yake," alisema mwishoni. "Leo. Aione hapa ndani, aumie hapa ndani, kesho atoe jibu kama mtu."

Ulikuwa mpango mzuri. Haukuzingatia mhusika.

"Baba," Jovina alimwambia aliporudi, "video inacheza. Nakuomba uitazame kwanza, peke yako."

Mzee Yusto alikuwa akivua koti. Akaacha, mkono mmoja ndani, mmoja nje.

"Peke yangu kwa nini?"

"Ili ujue kilichomo kabla ya wageni."

"Wewe umekijua?"

Jovina alisita. "Nimeonja kidogo."

"Nilikwambia usiguse. Sasa unataka niitazame gizani, kesho nikiwaonyesha waseme Yusto alikaa nayo usiku kucha akiipindisha? Au mmeipindisha nyie?"

"Baba, nakusihi. Kwa faida yako."

Hilo lilikuwa neno baya la kuchagua. Katika miaka yake yote ya ghala, kila aliyemwambia "kwa faida yako" alikuwa na mchanga chini.

"Nitaiona mbele ya mashahidi," alisema, "pamoja na wao. Au haionekani kabisa."

*

Jumapili ilikuwa na upepo mkali na jua lisilosaidia. Mzee Lutengano aliingia na ndugu zake, akakaa, akapewa togwa ya ulezi. Ipyana alikaa pembeni, anamtafuta Jovina kwa macho. Safari hii Jovina hakuwekwa chumbani, ingawa desturi ilitaka hivyo.

"Leo wewe si mwali, ni fundi mitambo," baba yake alimwambia. "Kaa kwenye kompyuta."

Mzee Yusto alisimama. Alikuwa amevaa suti ile ile. Alizungumza kwa utaratibu na kwa uchungu, na uchungu wenyewe haukuwa wa kuigiza. Alisema yeye si msomi. Alisema mama yake hajavuka hata mto kwenda kwa watu, lakini alimlea kwa kulima ulezi wa watu wengine, na mikono iliyopiga makofi siku ile ndiyo iliyolima. Mtu akiicheka mikono hiyo, Yusto hana binti wa kumpa.

Mzee Lutengano aliweka kikombe chini. Alimtazama Rozina, Rozina akatazama sakafu.

"Mzee mwenzangu," alisema, "hakuna aliyemcheka mama. Kama unaniheshimu, tuiache hiyo video."

"Kwa nini tuiache?"

"Kwa amani tu."

"Unaiogopa?"

"Siiogopi kwa ajili yangu."

"Cheza, Jovina."

"Baba..."

"Cheza!"

Jovina alibofya. Sebule ikatokea ndani ya sebule. Mzee Yusto alisogea karibu, kidole tayari hewani kumnyooshea mkosaji. Makofi ya Bibi Kristiana yalisikika, mawili mawili. Kidole kilimtafuta Lutengano kwenye kioo, kikampata. Kisha kikasita, kikapanda polepole juu ya bega la bibi, kikaenda dirishani, kikasimama juu ya mtu mdogo aliyechuchumaa.

"Jamani, tazameni!"

Kicheko kilitoka kwenye spika kama kilivyotoka siku zote, lakini ndani ya chumba hakuna aliyecheka. Mzee Yusto alijitazama akinusa mchele. Alijitazama akitafuna. Masikio yake yalianza kupata moto kutoka chini kwenda juu. Kidole kilikuwa bado hewani, akawa hajui pa kukipeleka, mwisho akakiweka mfukoni, upande wenye bambo.

Jovina aliizima video. Upepo ulisukuma mlango wa jikoni ukagonga, ukagonga tena, na hakuna aliyekwenda kuufunga. Ipyana alitazama viatu vyake. Rozina alikuwa amefumba macho.

Mzee Lutengano alisafisha koo.

"Mzee Yusto," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya sokoni, "basi tuambie. Mchele uliuonaje?"

Mzee Yusto aliinua uso. Alimchunguza kama kuna dhihaka. Alichunguza kwa muda mrefu, kwa uzoefu wote alionao, akitafuta mchanga.

"Ni wa Kyela kweli," alisema. "Mkavu. Hauna chenga. Hamkuuchanganya. Ni safi kutoka juu mpaka katikati."

"Na chini?"

"Chini bambo halikufika. Mkaanza kucheka."

"Ipyana!" Mzee Lutengano aliita. "Lete gunia la pili."

Ipyana aliliburuta hadi katikati ya sebule, akalisimamisha mbele ya mkwe wake mtarajiwa, akarudi nyuma. Mzee Yusto alitoa bambo. Alilichoma gunia chini kabisa, karibu na mshono, akazungusha, akachomoa, akamwaga punje kiganjani mbele ya macho ya watu wote. Akanusa. Akaweka moja mdomoni. Chumba kizima kilisikia ikivunjika.

Alitafuna mpaka ikaisha.

"Mama Jovina," alisema, bila kumtazama mtu. "Pikeni huu. Tunakula na wakwe zetu."

Rozina alifumbua macho. Ipyana alivuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi, na Jovina akamwahi kwa jicho, naye akaitoa ile pumzi kimya kimya. Bibi Kristiana alishuka kwenye kochi, akaketi kwenye kigoda chake, akawageukia wageni, akaanza kupiga makofi ya salamu upya, taratibu, mawili mawili. Mzee Lutengano aliinama kumjibu, akakosea mpigo. Bibi akamrekebisha. Akakosea tena, vibaya zaidi, na bibi akaangua kicheko, na chumba kizima kikaangua naye.

Mzee Yusto, ambaye safari hii alikuwa ndani, aligeuka haraka kutazama dirishani, kuona ni nani yuko nje.